Singe ya Babu: Namna ya Kutambua Asili, Hali na Thamani Yake

Dalali wa vyuma kuukuu alitoa shilingi mia tatu. Aliishika singe ile, akaigeuza mara mbili, kisha akamwambia mwenye mji: "Mama, hii ilikatwa. Ilikuwa ndefu, mtu akaifupisha apate kisu cha nyama. Mimi nanunua kwa uzani tu, na hapo nimekuhurumia."

Hii ilikuwa Rhonda, Nakuru, uani kwa jirani yangu mjane. Singe ni ya marehemu baba mkwe wake, aliyepigana Burma na jeshi la KAR katika Vita vya Pili vya Dunia. Kwa miaka mingi ililala juu ya dari ndani ya gunia. Sasa mtoto anatakiwa kuripoti shule Jumatatu na karo haijatimia.

"Ustadh," akaniambia, "nitazamie kabla sijaitoa. Mimi sijui hivi vitu."

Niliitwa kwa kuwa mtaa mzima wajua ugonjwa wangu. Mimi ni mtu wa Mombasa, nina diploma ya ufundi wa mitambo, na kazi ndiyo iliyonileta bara. Wengine hukusanya stempu au sarafu za Zanzibar. Mimi hukusanya singe. Ni kumi na nne sasa, na moja kati yake ni ya bandia. Nitaieleza baadaye, kwa sababu ndiyo iliyonifunza zaidi ya zote.

Naandika haya kwa wasomaji wa Pwani kwa kuwa najua nyumba zenu. Pale palipo na jambia la babu ukutani, aghalabu pana kitu kingine cha chuma ndani ya kasha ambacho hakuna aliyewahi kukisoma.

Zilifikaje huku

Singe ni kisu kinachofungwa mbele ya mtutu wa bunduki. Ukitaka kuiona ikiwa kazini, nenda katikati ya Dar es Salaam uitazame sanamu ya askari iliyozinduliwa 1927. Bunduki yake imeelekezwa upande wa bandari na singe iko mbele.

Afrika Mashariki ilipata singe nyingi kuliko watu wanavyodhani. Vita vya Kwanza vilipiganwa mlangoni petu. Novemba 1914 Waingereza na wanajeshi wao wa Kihindi walishindwa Tanga, wakaacha nyuma mamia ya bunduki ambazo Wajerumani walizichukua na kuzitumia. Januari 1916 Arthur Wavell, aliyeongoza kikosi cha Waarabu kilichoandikishwa Mombasa, aliuawa Mwele, Kwale. Mwezi uliofuata kukawa na mapigano ya kilima cha Salaita karibu na Taveta. Novemba 1917 Wajerumani waliwashinda Wareno pale Ngomano, mpakani mwa Msumbiji, wakajitwalia silaha za Kireno. Kwa hivyo usishangae kusikia kuwa askari wa Mjerumani alibeba singe ya Kiingereza au ya Kireno. Mahali singe ilipookotwa si ushahidi wa nani aliyeileta.

Huku Bonde la Ufa zilifika kwa njia nyingine. Baada ya 1919 serikali ya kikoloni iliwagawia mashamba wanajeshi wa Kizungu waliotoka vitani, nao walikuja na masanduku yao. Mwaka 1941 Waitaliano waliposhindwa Uhabeshi, maelfu ya mateka waliletwa Kenya, na lile kanisa dogo la Mai Mahiu ni kazi ya mikono yao ya 1942. Wakati wa Hali ya Hatari, 1952 hadi 1960, wanajeshi walijaa kote huku. Nakuru yenyewe ina kambi ya Lanet, na Gilgil haiko mbali. Walowezi walipouza mashamba na kuondoka, vitu vidogo vilibaki kwa wapishi, madereva na wanyapara.

Kwanza, ijue ni singe gani

Chukua futi ya fundi cherehani upime bapa peke yake, kuanzia kwenye kikingio cha mkono hadi kwenye ncha. Kipimo hicho tu kinaondoa nusu ya ubishi. Hizi ndizo utakazokutana nazo zaidi.

Singe ya Kiingereza ya mtindo wa 1907. Bapa lake ni sentimita 43, lina mfereji ubavuni, mpini wa mbao na pete ya kuingia mtutuni. Ndiyo ya kawaida kuliko zote. Za mwanzo zilikuwa na ndoano chini ya kikingio, na amri ya kuziondoa ilitolewa 1913. Yenye ndoano halisi ni adimu na ni ghali, na kwa sababu hiyo watu huchomelea ndoano juu ya singe ya kawaida.

Singe ya Kiingereza ya mtindo wa 1888. Bapa lake ni sentimita 30 na lina makali pande zote mbili. Ilitangulia ile ya 1907.

Singe ya Kijerumani ya 98/05. Bapa ni kama sentimita 37 na linapanuka kuelekea nchani kama kisu cha bucha. Haina pete kamili ya mtutu. Kwenye mgongo wa bapa mara nyingi utakuta taji, herufi W na tarakimu mbili za mwaka.

Singe ya Kijerumani ya 1871. Ni ndefu, bapa karibu sentimita 47, na mpini ni wa shaba ya manjano. Askari wengi wa Mjerumani walianza vita vya 1914 wakiwa bado na bunduki kuukuu za mtindo wa 1871, zile za baruti yenye moshi mwingi.

Singe za Kiitaliano za bunduki ya Carcano. Ya 1891 ina bapa la karibu sentimita 30. Ya 1938 ni fupi zaidi, na za mwanzo hujikunja kama kisu cha mfukoni.

Singe ya Kiingereza nambari 4. Hii si kisu bali ni msumari wa sentimita 20. Watu huitumia kuchimbia mashimo ya mbegu bila kujua ni nini.

Singe ya Kiingereza nambari 5. Bapa ni sentimita 20, ncha imechongwa kama ya kisu cha mwindaji, na pete yake ni kubwa. Ilitengenezewa bunduki fupi ya msituni, ile iliyotumika sana hapa wakati wa Hali ya Hatari.

Pili, isome

Chapa ziko mahali pembamba, penye chuma tupu kati ya mpini na mwanzo wa makali. Usisugue. Pitisha kitambaa chenye mafuta mepesi ya cherehani, subiri, kisha mulika kwa tochi kutoka ubavuni ili kivuli kiingie ndani ya herufi.

Kosa la kwanza la kila mgeni ni kusoma 1907 akadhani ndio mwaka wa kutengenezwa. Huo ni mwaka wa mtindo. Tarehe yenyewe iko chini yake: ukiona 5 na 17, ni Mei 1917. Jina la kiwanda lipo hapohapo, kama Wilkinson, Sanderson, Chapman au Vickers. EFD ni Enfield, Uingereza. RFI ni Ishapore, India. Lithgow ni Australia. Upande wa pili utaona mshale mpana, ambao ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza, na herufi X, alama ya kuwa bapa lilikunjwa kwa majaribio likarudi sawa.

Alama ya kikosi huwa juu ya kichwa cha mpini au kwenye kikingio. Hapo ndipo pa kuangalia kwa makini zaidi, maana herufi tatu za kikosi maarufu zaweza kuongeza bei maradufu, na nyundo na seti ya herufi za chuma si vitu vya gharama.

Tatu, tazama kama vyote vimezeeka pamoja

Hili ndilo ninalotaka ulibebe hata ukisahau mengine yote. Singe halisi ni vipande vilivyokaa pamoja miaka themanini au mia: bapa, kikingio, mbao, ribiti, skurubu na ala. Jasho moja, mvua moja, gunia moja. Kutu ya kwenye bapa inapaswa kuendelea kwenye kikingio. Mbao iliyomeng'enyeka haiwezi kushikwa na skurubu zenye midomo mipya. Chapa iliyopigwa kiwandani ililiwa na kutu pamoja na chuma kilichoizunguka. Ukiona vishimo vya kutu na juu yake herufi safi zenye kingo kali, chapa imekuja baada ya kutu.

Nililijua hilo kwa kulipa. Miaka tisa iliyopita, katika mji mmoja ambao sitautaja, duka moja la vitu vya kale liliniuzia singe ya Kijerumani yenye mpini wa shaba. Ilikuwa na herufi K.S., za jeshi la kikoloni la Kaiser, na chini yake pamechapwa "Tanga 1914". Ilikuwa nzuri kuitazama kuliko chochote nilichowahi kushika. Nikatoa shilingi elfu kumi na nane, pesa ambazo mke wangu alijua ni za mabati.

Nilipofika nyumbani nikaanza kuuliza maswali niliyopaswa kuuliza dukani. Jeshi gani hupiga chapa ya jina la vita juu ya silaha kabla halijajua kama litashinda? Kwa nini kutu ni ya rangi moja kila mahali, hata ndani ya pete mtutu ulipokuwa ukisugua? Nilipoifungua skurubu, chini ya mpini chuma kiling'aa kama kijiko cha dukani. Kutu ile ilikuwa ya asidi, ya wiki chache. Mabati yalingoja hadi mwaka uliofuata, na singe ninayo bado. Nimeitundika peke yake ukutani ili kila ninapokwenda kununua niipite kwanza.

Nne, pima hali bila kudanganya

Hali si ung'aro. Chuma cha zamani hugeuka rangi ya kijivu au kahawia, na rangi hiyo ndiyo ngozi yake. Wakusanyaji huilipia. Msasa, siki, dawa ya kung'arisha au grainda ya jua kali hula miaka yote ile kwa dakika tano, na pia hula herufi. Nimeona singe ya 1907 iliyong'arishwa hata tarehe haisomeki. Mwenyewe alidhani ameipendezesha.

Angalia haya kwa mpangilio. Ncha ipo, au imevunjika ikachongwa upya? Mstari wa makali umenyooka, au umenolewa kama panga la shambani? Kitufe cha kufungia bado kinarudi ukikibonyeza? Mbao zina nyufa? Ala ipo? Na je, ni ya singe hiyo? Za Kijerumani mara nyingi zina alama ya kikosi kwenye singe na kwenye ala. Zikilingana, thamani hupanda. Mtu wa Pwani hahitaji kuelezwa hili: jambia lisilo na ala yake ni nusu jambia.

Kuitunza ni rahisi. Futa kwa mafuta mepesi mara mbili kwa mwaka, na Pwani kila mwezi, maana hewa ya chumvi haina subira. Kama ala ni ya ngozi, usiiache singe ndani, kwa sababu ngozi hunywa unyevu na kuutia kwenye chuma. Kutu laini ivute kwa kitambaa cha mafuta kwa siku kadhaa, si kwa nguvu.

Tano, bei na maneno

Sokoni ng'ambo, singe ya kawaida ya 1907 yenye ala huuzwa kwa kawaida kati ya dola mia moja na mia mbili za Marekani. Ile ya msumari, nambari 4, ni rahisi kuliko zote. Yenye ndoano halisi yaweza kuzidi mara kadhaa. Kwa hivyo, ndugu msomaji, usisikilize anayekuambia singe ya babu itanunua kiwanja. Wala usimkubali anayeipima kwa kilo.

Kinachopandisha bei kuliko chuma ni maneno yaliyothibitishwa: nani aliibeba, kikosi gani, wapi. Hadithi tupu haitoshi. Cheti cha kuachiliwa jeshini kinatosha. Picha inasaidia. Na mjue kuwa nishani za Vita vya Kwanza za Kiingereza ziliandikwa jina na nambari ya askari ukingoni, lakini nyota za Vita vya Pili, kama ile ya Burma, Waingereza walizitoa bila jina. Nyota peke yake haisemi ni ya nani.

Mawili ya sheria. Kwa sheria ya makumbusho ya Kenya ya 2006, kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 ni cha kale na hakitolewi nje ya nchi bila kibali, kwa hivyo waulize watu wa Makumbusho ya Taifa kwanza. Na singe ni silaha: ibaki nyumbani, usitembee nayo mjini wala kuipandisha matatu ikiwa kiunoni. Kadhalika, usiende kuchimba Taveta kutafuta yako. Singe haikudhuru, ila kombora lililolala kando yake laweza. Ukikiona kitu kama hicho, usikiguse, waite polisi.

Tukarudi uani

Nikaichukua singe ya mama jirani. Nikapima: sentimita 30. Dalali akacheka. "Si nilikwambia? Nusu ya ile ndefu."

Nikamwomba atazame ubavu wa bapa. Ni tambarare, hauna mfereji. Singe ya 1907 ina mfereji, na ukiikata kuifanya fupi, mfereji unabaki na kukimbilia nchani. Hii haikuwahi kuwa nao. Maana yake haikukatwa na mtu, ilizaliwa fupi. Nikapaka mafuta nikamulika. Zikatoka polepole: taji, G.R.I., MK II, na chini yake RFI na 43.

Mwaka 1943 kiwanda cha Ishapore kilikuwa kikitengeneza singe fupi kwa ajili ya vita vya Asia. Mwaka huohuo wanajeshi wa Afrika Mashariki walikuwa wakipelekwa Ceylon, na mwaka uliofuata wakashuka bonde la Kabaw, Burma, hadi mto Chindwin. Kutu ya bapa ilikuwa ya rangi moja na ya kikingio. Skurubu hazijaguswa. Mbao moja ilikuwa na ufa wa zamani, uliojaa uchafu wa zamani. Ilikuwa mbaya kuitazama, na kila kipande chake kilikuwa cha kweli.

"Ni ngapi, Ustadh?" mama akauliza.

Hapo palikuwa pagumu kwangu. Mimi mwenyewe niliitaka. Ningesema elfu mbili, angenishukuru na kuniombea dua. Lakini dini yetu inamkataza anayejua kumficha asiyejua, anunue au auze. Nikamwambia: "Mama, kwa mkusanyaji ni elfu kadhaa, pengine kumi. Haifiki karo ya muhula. Ukipata cheti cha mzee, itazidi hapo. Na mimi siwezi kuinunua leo, kwa sababu nimekuwa mwamuzi."

Dalali akapandisha hadi elfu moja na mia tano, kisha akaondoka na mizani yake.

Cheti kilikuwepo. Kilikuwa ndani ya Biblia ya mzee, kimekunjwa mara nne, na nambari ya jeshi na jina la kikosi vinasomeka. Mama alikuwa hajakifunua tangu mazishi. Jioni ile aliwapigia simu shemeji zake. Mmoja alilia kwenye simu, akasema yeye ndiye aliyekuwa akitumwa na baba yake kuipaka mafuta singe ile kila Krismasi. Wakachanga. Pesa haikutimia yote, na chama cha kina mama kikamaliza.

Singe imerudi kwao, sasa imefungwa kwenye kitambaa safi chenye mafuta. Pamoja nayo kuna nakala ya cheti na ukurasa mmoja tulioandika mimi na mama na yule shemeji: jina la mzee, alikozaliwa, vikosi vyake, alichowasimulia watoto na alichokataa kusimulia.

Kama mnayo singe kasha­ni, anzeni na ukurasa huo. Kutu mtaiondoa hata mwakani. Mwenye kuikumbuka singe huenda mwakani asiwepo.